Sanje: Maporomoko yaliyonitoa ujanja

Msomaji wangu, muulize kijana wa Dar wikiendi kaila wapi. Atakutajia Coco Beach au baa fulani ya Sinza. Mtajie hifadhi ya taifa, atakwambia hayo mambo ya Wazungu. Nami nilikuwa wa hivyo hivyo, mpaka mshikaji wangu mmoja aliponiburuza kwenda kuona maporomoko ya Sanje, ndani ya Hifadhi ya Milima ya Udzungwa, mkoani Morogoro.

Njia yenyewe haina makuu. Unadaka basi la Ifakara, unapita Morogoro, unakatiza mbuga ya Mikumi, kisha pale Mikumi mjini basi linakata kushoto. Kidatu, daraja la mto Ruaha Mkuu, halafu miwa, miwa, miwa mpaka uchoke. Upande wa kulia mlima umesimama, msitu umeufunika mpaka kileleni. Tulilala gesti Mang'ula, kwenye makao makuu ya hifadhi. Asubuhi tukalipa kiingilio (Mtanzania analipa shilingi, tena kiasi kidogo kuliko mgeni), tukapewa mwongozaji, tukarudi nyuma hadi Sanje kwa bodaboda.

Huku usitegemee kuzungushwa na gari. Udzungwa ilitangazwa hifadhi mwaka 1992, ina kilomita za mraba 1,990, na kuiona ni kwa mguu wako mwenyewe. Mwongozaji, kijana mzaliwa wa palepale Sanje, akaziangalia raba zangu nyeupe pee, akanipa fimbo.

"Shika hii, kaka. Itakusaidia."

Nikaikataa. Mtoto wa mjini nitembee na fimbo kama babu?

Bwana wee! Nusu saa tu nilikuwa natweta kama pampu ya baiskeli. Njia inapanda, mizizi imetapakaa, kuna mahali mavi ya tembo yamelala katikati ya njia na wewe unajiuliza mwenyewe yuko wapi. Bibi mmoja wa Kizungu, mvi kichwa kizima, akanipita na kuniambia "pole" kwa Kiswahili safi. Mshikaji wangu alicheka mpaka akakaa chini. Nikaomba fimbo yangu kimya kimya.

Kila nilipopumzika (na nilipumzika sana), mwongozaji alikuwa na la kutuonyesha. Juu ya miti mbega wekundu walikuwa wanaruka. Akatusimulia na habari za mangabei wa Sanje, jamii ya nyani ambaye haishi popote duniani isipokuwa milima hii. Wataalamu walimtambua mwaka 1979. "Babu zetu walikuwa wanamjua," akasema, "ila hakuna aliyewauliza."

Kisha ukasikika mvumo. Msomaji, maji yanaporomoka kwa hatua tatu, jumla mita 170. Chini ya mojawapo pana bwawa la kuogelea. Niliingia na bukta, nikatoka meno yanagongana, baridi kama ya friji! Nilipopanda juu na kuchungulia bonde la Kilombero, magoti yakaanza kucheza yenyewe. Chini kule mashamba yote yamelala kama mkeka, na treni ya TAZARA, kama ingepita, ungeiona ni jongoo.

Tukiwa tunajikausha kwenye mawe, nikamwambia mwongozaji kwamba ana bahati, kazaliwa peponi. Akacheka kidogo. Akaniambia zamani wanakijiji waliruhusiwa kuingia msituni siku maalumu kuokota kuni kavu. Mwaka 2011 ruhusa ikafungwa. "Mama yangu alinuna mwaka mzima," akasema. "Mimi mwenyewe nilinuna. Sasa nalinda mti ambao mama angeupikia. Lakini msitu huu ukiisha, na haya maji uliyoogea yanaisha, na ya kule mashambani je?" Sikuwa na jibu. Mimi kwangu natumia gesi, kuni naziona kwenye picha.

Tuliposhuka miguu ilikuwa imekufa, njaa inauma. Akatupeleka kwa mama ntilie mmoja pembeni ya barabara, kumbe ndiye mama yake mzazi. Tukamwamkia shikamoo, akatukaribisha wali na samaki wa mto. Alikuwa anapikia jiko la pumba za mpunga. Kwa kuchangamka nikamwambia, "Mama, huko juu ni kuzuri! Wewe unayajua yale maporomoko?"

"Nayajua kwa kelele, mwanangu," akajibu huku akipakua. "Miaka yote nimeingia msitu ule kufuata kuni. Mzigo ukiwa kichwani, shingo haigeuki."

Akanisukumia sahani. Raba zangu zilishakuwa kahawia, na fimbo nilikuwa bado nimeishika.