Bundi wa Chuo Chetu



Mwezi wa Desemba uliopita nilifanya jambo ambalo mtu wa umri wangu na wa kazi yangu hatarajiwi kulifanya: nilipanda gari la kukodi, siku mbili nzima, kwenda kutazama ndege. Mke wangu alipowaambia majirani kuwa Shekhe amekwenda kutazama ndege, walidhani nimekwenda uwanjani kutazama eropleni. Walipoambiwa kuwa ni ndege hawa wa manyoya, mmoja aliuliza kama nimeugua.

Aliyelipa si mimi. Ni mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa ni mtu mzima mwenye mvi chache kidevuni. Amefanya kazi ya udereva Maskati miaka mingi, na huko alijifunza kwa watu wengine tabia hii ya kutazama ndege kwa darubini na kuandika majina yao katika daftari. Alipokuja likizo kwao Sumbawanga alinijia nyumbani, akanibusu mkono, akasema, "Maalim, safari hii nataka nikutembeze." Nikadhani atanipeleka kula. Kumbe alikwisha kukodi gari.

Nitakueleza kwanza tuliyoyaona, kisha nitakueleza lile lililonifanya nishike kalamu.

Siku ya kwanza tulishika njia ya Matai. Mvua zilikuwa zimeanza, na Wafipa walikuwa mashambani na majembe yao ya kukokotwa na ng'ombe. Nyuma ya jembe moja nikaona ndege warefu weupe, mbawa zao nyeusi mwishoni, midomo na miguu myekundu, wakitembea kwa utulivu kama maulamaa wanaotoka msikitini. Mwanafunzi wangu akasimamisha gari. Akaniambia kuwa hawa ni korongo wa Ulaya. Huzaliana kule juu ya mapaa ya nyumba za watu, na baridi ikikaribia husafiri mpaka huku kwetu kula panzi na viwavi. Nimekaa Ufipa tangu kuzaliwa na nilikuwa nawaona kila mwaka. Sikupata kuuliza wametoka wapi.

Zingatia, ndugu msomaji. Ndege huyu hapigi mbawa safari nzima, maana angechoka na kufa. Hupanda juu ya hewa ya moto inayoinuka kutoka ardhini, akazunguka nayo mpaka juu sana, kisha akateleza mbele akitafuta nyingine. Na kwa kuwa hewa hiyo haipatikani juu ya maji, hawezi kuivuka Bahari ya Kati kwa upana wake. Basi wale wa mashariki huizunguka: hupitia Istanbul, wakashuka nchi ya Shamu, wakapita Sinai, wakafuata Mto Nili mpaka kwetu. Nani aliyewachorea njia? Katika Surat al-Mulk tumeamrishwa kuwatazama ndege walio juu yetu wakikunjua mbawa na kuzikunja, na kujua ni nani anayewashika wasianguke. Nimeisomesha sura ile kwa watoto pengine mara mia, na kila mara macho yangu yalikuwa kwenye msahafu na fimbo.

Hata Wazungu hawakujua siku zote. Walikuwako wenye elimu yao walioamini kuwa mbayuwayu wakati wa baridi hulala matopeni chini ya maji. Mwaka 1822, huko Ujerumani, alipigwa risasi korongo mmoja akakutwa na mkuki wa Kiafrika umemchoma shingoni, naye ameruka nao mpaka kwao. Ndege yule amehifadhiwa mpaka leo katika Chuo Kikuu cha Rostock. Basi mtu mmoja wa bara letu alimtupia mkuki ili apate kitoweo, akakosa kitoweo, na kwa kukosa kwake akawafundisha watu wa mbali asiowajua.

Njiani vilevile alinihadithia habari za visiwa vya Bahari ya Kati, ambako watu wa Ulaya hukodi magari wakazunguka wakiwatazama ndege hawa wanapopita. Na katika visiwa hivyo hivyo, Cyprus kwa mfano, wako wengine wanaopaka ulimbo kwenye vijiti wakanasa ndege wadogo wa nyimbo kwa maelfu, wakawauza kuliwa, ingawa sheria imekataza tangu mwaka 1974. Nikatikisa kichwa, nikasema, "Ajabu ya ukatili wa watu hao." Mwanafunzi wangu hakujibu. Aliendelea kuendesha. Sasa najua kwa nini hakujibu.

Maporomoko ya Kalambo tuliyafika adhuhuri. Maji yanaanguka zaidi ya mita 200, upande huu Tanzania na upande ule Zambia, na mtu akisimama pale ulimi hukauka. Kwenye majabali yale huzalia kongoti, yule ndege mkubwa mwenye kipara na mfuko unaoning'inia shingoni. Lakini wao hulea wakati wa kiangazi, nasi tulichelewa. Tukaswali adhuhuri na alasiri, jamu na kasri, tukarudi.

Siku ya pili tulipanda milima ya Mbizi, juu ya mji. Msitu wa kule una ndege tuliowasikia kuliko tuliowaona, na mbega wekundu waliotutazama sisi kuliko tulivyowatazama wao. Kutoka huko tulifika ukingoni, mahali nchi ya Ufipa inapokatika ghafla na kushuka kiasi cha mita elfu moja mpaka Bonde la Rukwa. Kule chini ziwa lilikuwa likimeta kama mstari wa bati. Ziwa lile halina mto wa kutolea maji, na maji yake yana magadi. Na mwanafunzi wangu alisema wako huko mwari na heroe. Tamaa ikanishika. Nikasema, "Mwanangu, tushuke. Barabara ya Muze ipo, tutarudi kabla ya magharibi."

Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Maalim, mwenye gari ametukataza kushuka bondeni wakati huu wa mvua. Nilikubali sharti hilo mbele yako."

Nikasema, "Ni mwendo mdogo tu. Na mafuta ni yako."

Akasema, "Wewe ndiye uliyetufundisha kuwa kitu cha ijara ni amana mkononi mwa aliyekodi, na akikiuka sharti dhamana inamwangukia. Hatukufundishwa kuwa mwendo ukiwa mdogo hukumu inabadilika."

Wallahi, ndugu msomaji, niliona haya. Miaka arubaini nasomesha mlango wa ijara, na mtu wa gari la kukodi ananikumbusha. Akampigia simu mwenye gari kumwomba ruhusa. Mwenye gari akakataa, akarudia mara tatu kuwa kule njia inateleza. Tukaketi kwenye jiwe, tukatoa chapati na chai ya chupa, tukalitazama ziwa kwa mbali. Mwari hatukumwona hata mmoja.

Ni pale kwenye jiwe alipouliza, bila kunitazama, "Maalim, unamkumbuka yule bundi?"

Nikasema, "Bundi gani?"

Nilisema uwongo. Nilimkumbuka vizuri sana.

Mwaka 1988 nilikuwa nasomesha chuo nyuma ya nyumba ya kupanga. Kijana wa miaka ishirini na kitu, ndevu chache, cheo kidogo, hofu nyingi. Asubuhi moja mtoto huyu, wakati huo ana miaka kumi, alikuja na kinda la bundi ndani ya kofia yake. Lilikuwa limeanguka kutoka darini kwenye ghala la mahindi. Jeupe kama pamba, macho meusi, linafungua mdomo bila kutoa sauti. Alinishikia mbele yangu kwa mikono miwili akasema, "Maalim, tumfanyeje?" Aliniuliza mimi kwa sababu aliamini kuwa mimi najua.

Watoto wengine walipiga kelele wakakimbia. Mzee mmoja, baba wa mwanafunzi, alikuwa amekuja kuleta ada. Akasema kwa sauti ya juu, "Bundi ndani ya chuo? Hapa pana nini?" Wewe unayejua mji wetu utaelewa uzito wa neno lile. Sumbawanga maana yake ni kutupa uchawi. Lakini jina ni jambo moja na mioyo ya watu ni jambo jingine. Niliona wazazi wakiwatoa watoto wao. Niliona chuo kimefungwa. Nikawaambia wavulana wakubwa, "Mtoeni huyo mkamuue." Wakamtoa na kofia yake, na tukasikia mawe. Kisha nikawaambia waliobaki wafungue juzuu zao.

Sikufanya hivyo kwa ujinga, na hapo ndipo ilipo dhambi. Wiki chache kabla nilikuwa nimewasomesha watu wazima hadithi ya Mtume wetu (S.A.W.) inayokanusha tiyara, yaani kupiga ramli ya kheri na shari kwa ndege. Waarabu wa jahiliya mtu akitaka kusafiri humrusha ndege. Akienda kulia hufunga safari, akienda kushoto huvunja. Na katika hadithi hiyo hiyo Mtume amekanusha "hama". Imamu Nawawi, katika sherehe yake ya Sahih Muslim, ametaja kauli ya Imamu Malik kuwa hama ni yule ndege wa usiku ambaye watu wakimwona ametua juu ya nyumba husema anatangaza kifo cha mwenyewe au cha mtu wake. Bundi, ndugu zangu! Bundi hasa, kwa jina lake. Nilikuwa nimelieleza neno hilo kwa Kiswahili fasaha, na watu wakasema mashaallah. Na nilijua pia habari iliyopokewa na Abu Daud, ya masahaba waliochukua makinda mawili safarini, mama yao akaja akipapatika, na Mtume akaamrisha warudishwe kwake. Yote hayo nilikuwa nayo kifuani, na mzee mmoja mwenye ada mkononi akayashinda.

Juu ya hayo, bundi ni rafiki wa mkulima. Hana kazi usiku kucha ila kukamata panya, na panya ndio wanaotumaliza maghalani.

Basi pale juu ya jiwe nilimwambia mwanafunzi wangu, "Nimesema uwongo sasa hivi. Namkumbuka." Nikamweleza kama nilivyokueleza wewe. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Kofia yangu haikurudi. Mama alinipiga kwa ajili ya kofia." Akacheka kidogo, nami sikuweza kucheka.

Nikamwomba msamaha. Akasema, "Haki yangu mimi nimekusamehe zamani, Maalim. Nisingekuleta hapa. Ya yule sijui."

Nami sijui. Maulamaa wetu wametufundisha kuwa haki ya mwanadamu hurudishwa kwa mwenyewe au kwa warithi wake. Na katika Surat al-An'am tumeambiwa kuwa ndege ni umma kama sisi, na kwamba watakusanywa kwa Mola wao. Mtu mwenye akili akiziweka habari hizi mbili pamoja hapati usingizi.

Gari tulilirudisha magharibi. Mwenyewe alilizunguka na tochi, akainama chini, akaridhika, akarudisha fedha ya dhamana yote. Mwanafunzi wangu aliondoka wiki ile ile kurudi kazini. Aliniachia darubini yake.

Sasa nikuambie lililobaki. Kwenye mkaratusi ulio nyuma ya msikiti wetu anakaa bundi, na muadhini alikuwa amenijia tangu mwezi wa Novemba kuniomba ruhusa ya kumfukuza kwa mawe, nami nilikuwa nikimwambia, "Tutaona." Ijumaa ya kwanza baada ya safari ile, baada ya sala, nilisimama nikawaeleza watu hadithi ya hama, kisha nikawaeleza habari ya kinda la mwaka 1988, bila kuficha kuwa aliyeamrisha ni mimi. Wazee wawili waliinuka wakavaa viatu vyao kabla sijamaliza. Muadhini alibaki, ameinamisha kichwa, hakusema ndiyo wala la.

Nimeandika haya usiku baada ya Isha. Bundi analia, na dirisha langu liko wazi.