Jumba la Amani la Great Queen Street

Katikati ya mji wa London, mwendo wa dakika chache kwa miguu kutoka kituo cha treni cha Holborn, kuna mtaa uitwao Great Queen Street. Katika pembe ya mtaa huo limesimama jumba kubwa la mawe ya rangi ya maziwa, lenye mnara mrefu juu ya mlango wake. Waingereza wengi walilizoea jumba hilo kabla ya kujua ni la nani, kwa kuwa sura yake ya nje ilitumika katika mchezo wa televisheni uitwao Spooks, toka mwaka 2002 hadi 2011, kuwa ndiyo makao ya majasusi wa serikali.

Lakini humo hamna majasusi. Hayo ni makao makuu ya Wafremasoni wa Uingereza na Wales, na ndiko zilikotoka hati za loji nyingi za Kenya, Uganda na Tanzania. Neno "loji" lisimchanganye msomaji. Kwao si nyumba ya wasafiri kulala, bali ni tawi la wanachama, na pia ni chumba wanamokutania.

Katika Afrika Mashariki jina la Wafremasoni huamsha mambo mawili moyoni mwa mtu: hofu na tamaa. Hofu, kwa kuwa hunong'onwa kwamba ni watu wa mizimu. Tamaa, kwa kuwa husemwa kwamba aingiaye kwao hutoka tajiri. Mgeni anayelipitia jumba hili chumba kwa chumba hukutana na jambo la tatu, lisilonong'onwa na mtu. Ni nyumba iliyojengwa kwa michango, kwa ajili ya kuwakumbuka askari waliokufa vitani.

WAASHI WASIOJENGA

Jina lao latokana na kazi ya uashi. Alama zao ni vyombo vya fundi: mraba, bikari, timazi na pimamaji. Hata hivyo hawajengi kuta. Husema kwamba timazi ni funzo la kusimama wima katika mwenendo, na pimamaji ni funzo la usawa wa watu.

Kwa mapokeo yao wenyewe, loji nne za London zilikutana tarehe 24 Juni, 1717, katika kilabu cha pombe karibu na kanisa la Mtakatifu Paulo, zikaunda chama kimoja. Kutoka hapo chama kilienea upesi, na miongoni mwa waliokieneza walikuwamo askari. Mwaka 1732 chama cha Ireland kilitoa hati kwa kikosi cha jeshi ili loji isafiri pamoja nacho. Baadaye vikosi vingi vilifanya hivyo, na vyombo vya loji vikabebwa sandukuni kutoka kambi hadi kambi. Askari aliye mbali na kwao aliona faida ya kuwa na ndugu wa kula naye, na wa kumwangalia mjane wake endapo hatarudi.

MAJINA 3,225

Vita vya kwanza vya dunia vilipokwisha, Mtawala wa Connaught, aliyekuwa mkuu wa chama, alitoa wito mwaka 1919 kwamba lijengwe jumba jipya la kuwakumbuka wanachama waliokufa. Lengo lilikuwa kukusanya pauni milioni moja. Mwanachama aliyetoa angalau gini kumi, yaani pauni kumi na shilingi kumi za wakati ule, alipewa nishani ya kuvaa. Loji zaidi ya 1,300 zilifikisha kiwango kilichotakiwa kwa kila mwanachama wake, na kiasi kilichokusanywa kikapita lengo. Ujenzi ulianza mwaka 1927 na kwisha mwaka 1933, na jumba likaitwa Kumbukumbu ya Amani.

Anayepanda ngazi hufika kwanza mbele ya dirisha kubwa la vioo vya rangi, ambamo malaika wa amani amechukua mfano wa jumba lenyewe. Chini ya dirisha kuna kasha la shaba lililoundwa kama safina iliyotia nanga kati ya matete, maana yake ni kwamba safari imekwisha. Kwenye pembe za tako la kasha hilo wamepiga magoti askari wanne wa sanamu: wa majini, wa jeshi la pwani, wa nchi kavu na wa anga. Ndani ya kasha mna orodha ya majina 3,225 ya wanachama waliokufa wakitumikia.

Mbele ya kasha hilo, mgeni aliyetoka Afrika Mashariki hana budi kuwakumbuka wa kwao. Vita vile vile vilipiganwa Taveta, Tanga na Rufiji. Sanamu ya Askari ilisimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927, na ile ya askari na wapagazi ikasimamishwa Nairobi mwaka 1928. Lakini maelfu ya wapagazi waliokufa kwa homa na kuhara chini ya mizigo ya majeshi hawakuandikwa majina yao juu ya sanamu hizo. Jina la Kariakoo ndilo lililobaki, nalo latokana na kikosi chao cha wachukuzi. Orodha ya London yafundisha kwamba kumbukumbu ya kweli huanza kwa kuandika majina, jina baada ya jina, na kazi hiyo huhitaji watu wa kuigharimia.

Kutoka kwenye kasha, mgeni huingia ukumbi mkuu kwa kupitia milango ya shaba ambayo kila ubao wake una uzito wa zaidi ya tani moja. Ukumbi huo waweza kukalisha watu wapatao 1,700. Katika pembe nne za dari zimechorwa kwa vigae vidogo vidogo sura za fadhila nne: busara, kiasi, ushujaa na haki.

JIONI KATIKA LOJI

Zaidi ya ukumbi mkuu, jumba lina vyumba vingine vya loji, vidogo kwa vikubwa. Wanachama hufika jioni baada ya kazi, wakiwa wamevaa suti nyeusi na aproni za ibada yao. Husoma kumbukumbu za mkutano uliopita, hupokea taarifa ya fedha, huulizana habari za wagonjwa na wafiwa, kisha hufanya sherehe za ngazi zao tatu: mwanafunzi, fundi na fundi mkuu. Kitabu kitakatifu huwa wazi wakati wote wa mkutano, na mwanachama huapa kwa kitabu cha dini yake, kiwe ni Biblia, Kurani au kingine. Kubishana juu ya dini na siasa ni marufuku.

Baadaye huketi mezani pamoja. Mwajiri huweza kukaa kando ya karani, na jenerali kando ya koplo. Kabla ya kutawanyika sadaka hukusanywa. Wanachama wa chama hiki ni wanaume tu, lakini wanawake nao wana vyama vyao viwili nchini humo, kimoja kilichoundwa mwaka 1908 na kingine mwaka 1913.

SADAKA HWENDA WAPI

Mwaka 1788 daktari wa meno aitwaye Bartholomew Ruspini aliongoza uanzishaji wa shule ya mabinti wa wanachama waliofariki au kufilisika. Mwaka 1916, katikati ya vita, chama kilifungua hospitali mjini London kwa ajili ya askari majeruhi. Tangu mwaka 2016 mifuko mikuu ya misaada imeunganishwa kuwa shirika moja, linalosaidia wanachama na jamaa zao, na pia watu wasio wanachama.

Katika miaka ya karibuni, Wafremasoni wa London walichanga pauni milioni mbili ili mji upate helikopta ya pili ya kubebea majeruhi. Tena, baada ya moto wa jengo la Grenfell wa mwaka 2017, walichangia ununuzi wa magari mawili ya zimamoto yenye ngazi zifikazo urefu wa mita 64.

KIAPO KIPI KITANGULIE?

Pamoja na hayo, liko swali moja ambalo wema wote huo haujalizima, nalo lawahusu hasa askari polisi. Mtu aliyeapa kuilinda sheria, kisha akaapa kumsaidia ndugu yake wa loji, atafanya nini siku atakapopewa jalada la ndugu huyo?

Chama chenyewe hujibu kwamba sheria ya nchi hutangulia, na kwamba kiapo chao hakimfungi mtu kuficha uhalifu. Hata hivyo, kamati ya Bunge la Uingereza ililichunguza jambo hili mwaka 1997. Mwaka 2021, jopo huru lililopitia mauaji ya mwaka 1987 ya mpelelezi Daniel Morgan lilipendekeza kwamba polisi wawajulishe wakuu wao uanachama wa vyama vya namna hiyo. Jopo halikuona ushahidi kwamba njia za Wafremasoni zilitumika kuuharibu upelelezi ule, bali liliona kwamba shaka yenyewe ilikuwa imeitafuna imani ya watu. Desemba 2025, Polisi wa London walitangaza kwamba maofisa walio wanachama watatakiwa kujieleza. Uongozi wa chama ukaupinga uamuzi huo.

Funzo hapa si la Waingereza peke yao. Askari ana haki ya kuwa na marafiki, lakini urafiki usioweza kutajwa mbele ya mkuu wa kituo humwacha raia akiwa na mashaka, hata kama hakuna baya lililotendwa.

MATANGAZO YA NGUZONI

Katika miji ya Afrika Mashariki huonekana matangazo yaliyobandikwa kwenye nguzo za umeme: jiunge na Fremasoni upate utajiri, piga simu namba fulani. Apigaye huambiwa atume ada kwa simu, kisha ada nyingine, na mwisho namba huzimwa. Wako walioteketeza mshahara na akiba ya familia kwa njia hiyo.

Ajuaye desturi za Great Queen Street hawezi kunaswa. Chama hicho hakigawi utajiri wala hakitafuti wanachama nguzoni. Aombaye lazima amwamini Mungu, awe na mwenendo safi, alipe kiingilio na ada ya kila mwaka, na atamke kwamba hakuvutwa na tamaa ya fedha. Marehemu Sir Andy Chande, aliyezaliwa Mombasa mwaka 1928 na kuwaongoza Wafremasoni wa Afrika Mashariki kwa miaka mingi, alikuwa akisema habari za chama chake hadharani.

RATIBA YA JUMBA

Mikutano mikuu ya chama hufanyika Jumatano ya pili ya Machi, Juni, Septemba na Desemba, na viongozi husimikwa Jumatano ya mwisho ya Aprili. Hiyo ni ya wanachama. Kwa wananchi, jumba lina makumbusho na maktaba, nao hutembezwa kuona ukumbi mkuu na kasha la majina. Kadhalika kinanda kikubwa cha ukumbini hupigwa katika matamasha ambayo watu wote hukaribishwa.

Mzazi mwenye kijana anayesoma London na amwambie afike hapo siku moja, asimame mbele ya kasha la shaba. Kisha amwandikie mama yake nyumbani kwamba ameiona nyumba ya Wafremasoni, na kwamba kila jiwe lake lilitoka mfukoni mwa mwanachama.