Dada, Usikubali

Nilishikwa na uchungu wiki ya 30, hapa Uingereza. Daktari akasema nichomwe sindano ya steroidi ili mapafu ya mtoto yakomae kabla hajazaliwa. Sijajibu bado, simu ikalia. Kaka yangu aliye Mombasa alinitumia habari ya utafiti wa mwaka 2015, uliofanyika nchi sita, Kenya ikiwemo: sindano hiyo haikupunguza vifo vya watoto. "Dada, usikubali," aliandika.

Nikamwonyesha mkunga. Hakucheka. Alichukua karatasi akachora mstari wa wima, kisha mistari saba ya kulala. Kila mmoja ni jaribio moja, akasema. Ukikaa kushoto, sindano imesaidia. Ukigusa ule wa wima, huwezi kuwa na hakika. Mingi iligusa. Chini akachora almasi: majibu ya majaribio yote yakipimwa pamoja, yale makubwa yakipewa uzito zaidi. Almasi ilikaa kushoto, haikugusa kitu.

Jaribio la kwanza lilitoka mwaka 1972. Mapitio yaliyoyakusanya yote yalitoka 1989. Katika miaka hiyo 17 madaktari wengi hawakuitoa sindano hiyo, na watoto walikufa. Ndiyo maana mchoro ule ukawa nembo ya Cochrane, shirika la mapitio ya tafiti lililoanzishwa mwaka 1993.

Mapitio ya namna hii hayachagui tafiti zinazopendeza. Swali huwekwa kwanza, kisha hutafutwa tafiti zote, hata zisizochapishwa, na kila moja hukaguliwa ilivyofanywa.

Na utafiti wa kaka? Haukuwa uongo. Ila wengi waliochomwa sindano walijifungua miezi imetimia, na si wote waliokuwa karibu na hospitali yenye vifaa. Mwaka 2020 jaribio la Shirika la Afya Duniani, lililofanyika katika hospitali za nchi tano, Kenya ikiwemo tena, lilipima umri wa mimba kwa makini. Vifo vya watoto vilipungua.

Nilichomwa mara mbili. Binti yangu alizaliwa siku tatu baadaye, mdogo kama mkate, akipumua.

Kaka bado hutuma tafiti kwenye grupu la familia. Sigombani naye, alinitakia heri. Huuliza tu: "Na nyingine zinasemaje?" Siku hizi huniwahi kulijibu.