Siku Tatu za Nafuu

Fangasi nilianza kuijua kwenye mgomba. Baba alikuwa kibarua katika kituo cha utafiti wa kilimo hapa Maruku, na jioni moja alinipasulia shina la mgomba wa ndizi tamu ulionyauka. Ndani kulikuwa na michirizi ya rangi ya kutu, toka kwenye tunguu kwenda juu. Alisema ugonjwa huo unakaa udongoni, na ukishaingia, mgomba ndio basi.

Miaka ya tisini nikawa muuguzi wodini, wilayani Muleba. Kagera, mkoa wetu, ndiko wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walikotambuliwa mwaka 1983, na watu wetu waliuita "Juliana" kabla ya kuujua kwa jina lingine. Akaletwa kijana mwenye kikohozi cha muda mrefu. Makohozi yake yalipimwa mara tatu, vijidudu vya TB havikuonekana, akaanzishiwa dawa za TB hivyo hivyo, maana kila kifua tulikiona kuwa TB. Wiki ya tatu kichwa kikaanza kumpasuka. Aliomba tufunge dirisha, mwanga ulimuumiza.

Daktari akataka maji ya uti wa mgongo. Mama yake akasimama mbele ya kitanda.

"Nesi, mwanangu asichomwe mgongo. Waliochomwa hawakurudi nyumbani."

Nilikuwa na wagonjwa arobaini. Nikamsogezea karatasi na kidau cha wino, nikamwambia aweke dole gumba. Akaweka. Nilijua hajakubali, amechoka tu kushindana na mimi, na jambo hilo sijalisahau.

Maji yalitoka kwa kasi, jinsi shinikizo la kichwani lilivyokuwa kubwa. Fundi wa maabara aliyachanganya na wino mweusi, akaniita kwenye darubini. Giza tupu, na ndani yake duara nyeupe zenye mng'ao, nyingine zikiwa zimebeba kichanga ubavuni. Kriptokoka, fangasi tena. Hii huvutwa na pumzi pamoja na vumbi lenye kinyesi cha ndege, hutua mapafuni, na kinga ikiporomoka hupanda hadi ubongoni. Kile kikohozi huenda kilikuwa chake tangu mwanzo.

Baada ya maji kupunguzwa, kijana alikaa, akala ndizi, akaongea siku tatu. Kisha kichwa kikarudi. Amfoterisini, dawa ya fangasi iliyokuwapo duniani tangu miaka ya hamsini, stooni haikuwamo. Dawa nyingine, flukonazoli, ilikuwa na bei isiyolipika kwa mkulima wa kahawa. Alifariki kabla ya msimu wa senene, na mama akaondoka akiamini kilichomuua ni sindano.

Mabadiliko yalikuja polepole. Kuanzia 2004 dawa za kufubaza virusi zikaanza kutolewa bure. Mwaka 2012 na 2013, Dar es Salaam na Lusaka, utafiti ulioongozwa na Dkt. Sayoki Mfinanga wa NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, uliwapima damu watu wenye kinga ya chini ili kuikamata kriptokoka kabla ya kichwa kuuma, huku watu wa kawaida waliopewa mafunzo wakiwatembelea nyumbani wiki za mwanzo. Vifo vikapungua kwa asilimia 28. Wengine husifu kipimo. Mimi nawasifu wale waliokaa mkekani wakaeleza. Mwaka 2018 utafiti mwingine, Tanzania ikiwemo, ulionyesha kuwa wiki moja ya amfoterisini pamoja na dawa nyingine, flusitosini, huokoa maisha zaidi kuliko wiki mbili zilizokuwa kawaida. Mwaka 2022, Uganda ikiwa miongoni mwa nchi tano, ikaonekana dripu moja tu ya amfoterisini iliyofungwa ndani ya mafuta, pamoja na vidonge, inatosha. Miili iliyotoa majibu hayo ni ya Waafrika. Dawa hizo ni haki yao kabla ya kuwa za mtu mwingine yeyote, na sioni cha kujadili hapo.

Nilipostaafu nilimtafuta yule mama. Nilimkuta jikoni akimenya ndizi. Baada ya shikamoo nikamweleza kuwa si sindano iliyomuua mwanawe, na kwamba zile siku tatu zilitokana nayo.

Kisu kikasimama.

"Mbona hukuniambia siku ile?"

Sikuwa na jibu, nikaomba radhi. Akakaa kimya kitambo, kisha akauliza:

"Kwa hiyo siku zile tatu kichwa hakikumuuma kabisa?"

"Hakikumuuma, mama."

Akanisogezea kigoda na kisu cha pili.