Kabla ya Kununua Gari la 4WD Lililotumika, Anza na Barabara Yako

Leo tuweke jembe pembeni kidogo. Kila mwaka alizeti ikishauzwa, na kila mtumishi mwenzangu anapopata mkopo, swali ni lilelile: "Afisa, ninunue gari gani la 4WD, familia iingie, lisile mafuta, lisinisumbue?" Wananiuliza mimi kwa sababu kazi yangu ni kuzunguka vijijini, na wanajua nimeona magari mengi yakisukumwa.

Nami huwajibu kwa swali: barabara yako ikoje? Ukija kwangu kutafuta mbegu ya mtama, sikutajii mbegu kabla hujaniambia udongo wako ukoje na mvua yako inaishia lini. Mtu wa Hombolo mwenye kichanga na mvua fupi nitamshauri Macia kwa sababu inawahi kukomaa. Hatapanda mbegu fulani eti kwa kuwa jirani kapanda. Gari nalo ni hivyohivyo. Tatizo ni kwamba mbegu mbaya inakutesa msimu mmoja, gari baya linakutesa mpaka mkopo uishe.

1. Hesabu siku zako za tope

Dodoma yetu inapata mvua ya milimita 500 hadi 700 kwa mwaka, na karibu yote inanyesha kati ya Desemba na Aprili. Miezi inayobaki ni vumbi. Barabara kuu za kwenda Morogoro, Singida, Iringa kupitia Mtera, na Babati kupitia Kondoa, zote ni lami. Kwa hiyo chukua daftari, ukumbuke mwaka uliopita: ni siku ngapi ulihitaji gari linalovuta kwa tairi zote nne?

Mimi nilifanya hesabu hiyo kabla ya kununua. Kazini natumia pikipiki. Gari ni la kupeleka watoto watatu shule, mke wangu zahanati anakofanya kazi ya uuguzi, sokoni Majengo, na mara mbili kwa mwezi kwenda kumwona mama kijijini, wilaya ya Chamwino, ambako kilomita 20 za mwisho ni udongo. Nilipata siku kama 15 kwa mwaka. Siku 350 zilizobaki gari lolote lenye tumbo la juu kidogo lingenifikisha. Ukikuta siku zako ni mbili au tatu, nunua gari la kawaida lililoinuka, siku hizo panda bodaboda, na fedha inayobaki chimba kisima.

Angalia pia aina ya udongo. Mfinyanzi wa mbuga wa Bahi unanata na kujaza kashata za tairi, hapo unahitaji tairi nzuri na mfumo unaoweza kufungwa. Mchanga wa makorongo ya Chamwino unapenda gari jepesi, na ukipunguza upepo kidogo kwenye tairi unapita. Mawe na mitaro ya Kondoa na Mpwapwa inataka kimo, karibu sentimita 20 kutoka chini hadi tumboni. Wenyeji wa Kondoa wanajua mmomonyoko ni nini, ndiyo maana Serikali ilianzisha mradi wa HADO kule tangu mwaka 1973.

2. 4WD haziko sawa

Dalali akikuambia "hii ni 4WD, boss", muulize ya namna gani. Kwa magari yanayouzwa sana kwetu kuna makundi matatu.

La kwanza ni magari yanayovutwa na tairi za mbele, na za nyuma huingia pale za mbele zinapoteleza. Humo wamo Honda CR-V, Nissan X-Trail, na hata Noah na Fielder za 4WD. X-Trail ina nafuu, kwa sababu ina kitufe cha kuchagua mbele tu, otomatiki, au kufunga. Kwa utelezi wa kawaida yanafaa. Kwa kuzama kwenye mbuga, yanachoka haraka.

La pili ni yanayovuta kwa tairi zote nne muda wote. Subaru Forester yumo, na RAV4 za kwanza pamoja na zile za 2000 hadi 2005. Toyota Cami yumo pia, na zile za gia za mkono zina kitufe cha kufunga difu ya katikati. Haya yanatulia sana kwenye vumbi na changarawe.

La tatu ni yenye gia nzito, ile ya kwenda polepole kwa nguvu nyingi. Suzuki Escudo ndiye wa bei ya mtu wa kawaida. Escudo za kabla ya 2005 unaingiza mwenyewe tairi za mbele, za baada ya hapo zinavuta nne muda wote na unaweza kufunga. Prado naye yuko hapa, ila mfuko wake ni mwingine.

Zingatia jambo moja kwa makundi mawili ya mwanzo: tairi zote nne ziwe za saizi moja na zilizolika sawasawa. Ukifunga mbili mpya na mbili vipara, zinazunguka kwa kasi tofauti, na mfumo wa katikati unafanya kazi hata kwenye lami mpaka unaungua. Ukikuta gari la yadi lina tairi za kampuni nne tofauti, jua mwenye gari hakuwa akilitunza.

3. Kitu ambacho 4WD haiwezi

Hapa naomba unisikilize vizuri. Februari moja mama alizidiwa na presha jioni. Mimi na mke wangu tukawasha gari. Tulipofika korongo la mwisho kabla ya kijiji, maji yalikuwa yanakimbia. Ng'ambo hakujanyesha hata tone, mvua ilikuwa imepiga huko juu milimani. Upande wetu kulikuwa na fuso moja na Prado moja, wamezima injini wamekaa. Kijana mmoja akaniambia, "Mzee, si una fowili? Pita tu."

Tulikaa pale saa tatu. Mke wangu alikuwa kwenye simu na jirani wa mama, akimwelekeza amlaze vipi, ampe dawa ipi kati ya zile alizoandikiwa, na lini arudie kumwangalia. Vijana walichomeka mti pembeni mwa maji, tukawa tunautazama kwa tochi. Maji yaliposhuka hadi chini ya goti, fuso akatangulia, sisi nyuma yake. Mama tulimkuta amekaa kitandani, ananiuliza kwa nini nimekuja na matope.

Kila kifuku tunasikia gari limesombwa mahali fulani, na mara nyingi ni la watu wenye haraka ya haki kabisa: mgonjwa, msiba, mtoto. Maji yanayokimbia yenye kina cha sentimita 60 hubeba hata gari kubwa, kwa sababu gari likishaanza kuelea, tairi nne au mbili hazina kazi tena. Na chini ya maji hujui kama barabara bado ipo. Kama unanunua 4WD ili uvuke korongo likijaa, hakuna gari la hivyo. Tunza namba ya simu ya mtu wa ng'ambo, na uvumilivu.

4. Hesabu ya mafuta na mkopo

Tuseme unatembea kilomita 1,000 kwa mwezi. Gari linalokwenda kilomita 12 kwa lita litakunywa lita 83. Linalokwenda kilomita 8 kwa lita litakunywa lita 125. Tofauti ni lita 42 kwa mwezi, karibu lita 500 kwa mwaka. Lita ikiwa shilingi 3,000, hiyo ni milioni moja na nusu kila mwaka. Hapo hujagusa oili wala tairi. Bei zenyewe EWURA hutangaza kila mwezi, na Dodoma huwa juu ya Dar es Salaam kwa sababu ya usafiri, basi fanya hesabu kwa bei ya hapa.

Kwa mtumishi mwenzangu: sheria inataka ubakiwe na theluthi moja ya mshahara baada ya makato. Usiiguse hiyo theluthi kwenye hesabu za gari, hiyo ni unga na ada. Mwalimu mmoja jirani yangu alichukua mkopo wa miaka sita akanunua gari kubwa la dizeli. Mwaka wa pili likachemsha, silinda hedi ikapasuka. Sasa liko juu ya mawe uani, kuku wanataga chini yake, na makato yanaendelea. Kanuni yangu ni hii: bei ya gari isizidi robo tatu ya fedha uliyonayo. Robo inayobaki ni ya tairi, bima, uhamisho na matengenezo ya miezi sita ya kwanza.

Ukitaka kuagiza Japani mwenyewe, tumia kikokotoo cha ushuru kilichopo kwenye tovuti ya TRA kabla ya kulipa hata senti. Gari lenye umri wa zaidi ya miaka 8 lina ushuru wa ziada wa uchakavu wa asilimia 15, likipita miaka 10 ni asilimia 30. Ndiyo maana gari linaloonekana rahisi mtandaoni linafika bandarini likiwa limepanda bei mara mbili.

5. Uliza spea kabla ya kuuliza bei

Piga simu maduka mawili ya spea hapa mjini na moja Kariakoo. Uliza vitu vitano: shokapu za mbele, ekseli, rejeta, pampu ya mafuta, na gia boksi iliyotumika. Andika bei, na andika pia kama unapata leo au mpaka basi la kesho. Kisha nenda kwa fundi wako umuulize: "Hili ukiletewa, unalifungua?" Fundi akianza kukuna kichwa, umepata jibu. RAV4 za 2000 hadi 2005 zenye injini ya D-4, kwa mfano, zinataka fundi anayeujua mfumo ule wa mafuta. X-Trail za kuanzia 2007 za gia otomatiki zina gia boksi ya CVT inayotaka mafuta yake maalumu. Si magari mabaya, ila hayatunziki na kila mtu.

6. Siku ya kukagua

Nenda asubuhi, na mwambie muuzaji asiwashe gari mpaka ufike. Weka mkono juu ya boneti: likiwa la moto, kuna kitu kimefichwa. Fungua rejeta likiwa la baridi, uangalie kama maji yana utando wa oili. Washa, utazame moshi: wa bluu ni oili inaungua, mweupe usiokoma ni maji yanaingia kwenye silinda, mweusi ni mafuta mengi.

Inama chini. Kwa RAV4, X-Trail na CR-V, kama huoni propela shafti ikienda kwenye difu ya nyuma, hilo ni la tairi mbili, hata kama nyuma limebandikwa 4WD. Inua kapeti utafute matope makavu, maana gari lililozama halikosi ushahidi. Kwenye eneo pana kata usukani mpaka mwisho, zunguka taratibu pande zote mbili. Likigonga "ka ka ka" ni ekseli, likishikilia kama limefungwa breki ni mfumo wa katikati. Malizia kwa barabara mbovu ukiwa umezima redio.

7. Karatasi

Linganisha namba ya chesisi na ya injini na kadi ya gari. Hakikisha jina kwenye kadi ni la anayekuuzia au ana idhini ya maandishi. Angalia madeni ya faini za barabarani kwa namba ya gari. Andikishaneni mkataba kwa wakili, kisha nenda TRA ukahamishe umiliki wiki hiyohiyo. Gari lililobaki kwa jina la mtu mwingine ni kama shamba ulilonunua kwa mdomo.

Mwisho utaniuliza, "Wewe unaendesha nini?" Cami ya 1,300, gia za mkono. Inanipa kilomita 11 hadi 12 kwa lita. Watoto wanabanana nyuma, buti inabeba gunia moja na ndoo, na kwenye barabara ya Morogoro malori yakipita inayumba. Lakini mchanga wa kwa mama inaupita, na fundi wa mtaani anaifungua macho yamefumbwa. Kwa familia ya watu sita au mwenye mizigo, ningesema Escudo ya 2.0, ukijua mafuta yatapanda. Kwa anayekaa zaidi kwenye lami, X-Trail ya kabla ya 2007 iliyotunzwa inatosha.

Ila usinunue Cami kwa sababu Afisa anayo. Chukua daftari, hesabu siku zako za tope, ndipo uanze kutazama magari. Kifuku chema.