Nani analipia shimo hili?

Leo naomba niweke kando mambo ya programu niandike kuhusu shimo. Ndiyo, shimo! Liko mita chache kutoka lango langu, kwenye barabara ya changarawe inayotoka Kangundo Road kuingia mtaani kwetu, mashariki mwa Nairobi. Mvua ikinyesha linajaa maji, na ukipita usiku huwezi kujua kina chake. Mvua ndefu zilizopita, mwendeshaji wa bodaboda aliingia humo akiwa amembeba jirani yetu aliyekuwa akitoka kazini. Mama wa watu akavunjika mkono.

Basi tukakutana majirani, tukakubaliana kila nyumba itoe shilingi 500 tununue changarawe. Kwa kuwa mimi ndiye "mtu wa tarakilishi", nikapewa uweka hazina. Pesa zikaanza kuingia kwa M-Pesa, nami nikawa naandika kila jina kwenye jedwali langu.

Mzee mmoja tu alikataa. Ana pikapu ya kubebea mboga sokoni. Nilipomwendea akaniambia, "Kijana wangu, mimi nimeshalipia hii barabara. Nalipa kila nikiingia kituo cha petroli."

"Lakini mzee, ni mia tano tu."

"Hata wewe umeshalipa. Nenda ukahesabu."

Nilidhani ni ubahili. Usiku nikaketi nikahesabu. Jamani, mzee alikuwa sawa!

Kila lita ya petroli au dizeli inayouzwa Kenya ina ushuru wa kutunza barabara. Hazina yake iliundwa kwa sheria ya mwaka 1993. Mwaka 2016 ushuru huo ulipandishwa kutoka shilingi 12 kwa lita hadi 18, na Julai 2024 ukafika 25. Gari langu dogo linakunywa lita 60 hivi kwa mwezi. Hiyo ni shilingi 1,500 kwa mwezi, 18,000 kwa mwaka. Yaani peke yangu nalipa sawa na michango 36 ya mtaa wetu! Hata asiye na gari analipa, maana ushuru umo ndani ya nauli ya matatu na bei ya sukuma wiki.

Sasa pesa hizo huenda wapi? Zinasimamiwa na Kenya Roads Board, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1999. Sehemu kubwa huenda kwa mashirika matatu yaliyotokana na sheria ya mwaka 2007: KeNHA kwa barabara kuu, KURA kwa za mijini na KeRRA kwa za mashambani. Katiba ya 2010 nayo ikasema barabara kuu ni za serikali ya kitaifa na za kaunti ni za kaunti. Hapo ndipo mvutano ulipozaliwa. Mwaka 2024 na 2025 magavana na wabunge walizozana juu ya shilingi bilioni 10.5 za ushuru huu. Tena mwaka 2025 serikali iliweka dhamana shilingi 7 za kila 25 ili kupata bilioni 175 za kulipa madeni ya wanakandarasi. Kwa hivyo sehemu ya unacholipa leo inalipia lami iliyomwagwa zamani.

Kaunti ina mapato yake pia, kama ada ya kuegesha magari na kodi ya ardhi. Lakini hayo huingia kapu moja na pesa za zahanati, taka na mishahara. Shimo letu linapanga foleni na hayo yote.

Nikaamua kuuliza. Ofisi ya kwanza ilinituma ya pili. Ya pili ikaniuliza swali moja tu: "Barabara yenu ni nambari gani?"

Sikuwa na jibu. Mtaa wetu ulikuwa shamba lililokatwa ploti. Aliyeuza aliacha njia kwenye ramani, akachukua pesa zake akaenda. Hakuna aliyewahi kuikabidhi barabara kwa serikali, wala aliyewahi kuipokea. Wanaprogramu wenzangu mtanielewa: tatizo letu halikuwa shimo. Kwenye hifadhidata hatukuwepo kabisa. Bajeti hugawanywa kwa barabara zilizoorodheshwa, na ile isiyo kwenye orodha haina hata sifuri. Wala si sisi peke yetu. Hesabu ya barabara za Kenya iliyofanywa mwishoni mwa miaka ya 2000 ilipata zaidi ya kilomita 160,000, na zaidi ya nusu hazikuwa zimepewa daraja lolote.

Changarawe yetu tuliimwaga Jumamosi. Mvua mbili tu, yote ikasombwa. Watu wakaanza kuniuliza pesa zilienda wapi, wengine kwa sauti ambayo sikuipenda. Nilituma jedwali zima kwenye kikundi cha WhatsApp, pamoja na risiti za lori. Usiku huo sikulala vizuri.

Asubuhi mzee wa pikapu alikuja langoni na jembe. Akasema, "Barabara huuliwa na maji. Mlimwaga mawe bila kuchimba mtaro." Tulichimba pamoja siku mbili, na wengine wakajiunga. Hatukutumia hata senti.

Nimeipima barabara yetu kwa simu: mita 840. Nimechora ramani, tumekusanya saini, na maombi ya kuiorodhesha tumeyapeleka. Bado hatujajibiwa. Mtaro unafanya kazi, lakini shimo bado lipo, limepungua kina tu.

Wewe je? Barabara ya kwenu ina nambari? Hebu ulizia, kisha uniambie.