Kamba ya Nanga

Mtu akiingia katika mashua hutazama kwanza tanga na mlingoti. Kamba ya nanga, ambayo watu wa pwani huiita amari, hakuna anayeitazama. Hukaa gubetini imekunjwa kama nyoka aliyelala, na kazi yake yote hufanyika chini ya maji. Mimi nami nalikuwa mmoja wa wasioitazama, na ujinga wangu uliwagharimu wengine kuliko mimi mwenyewe. Ndiyo sababu naandika habari hii.

Mjomba wangu ana mashua ya tanga, urefu wake yapata meta 9, ichukuayo unga wa mihogo na dagaa kutoka vijiji vya pande za Moba mpaka Kalemie, katika Ziwa Tanganyika. Yeye hakusoma sana, lakini ziwa analijua kama mimi nilijuavyo daftari la majina ya wanafunzi. Wakati wa likizo humsaidia kuandika hesabu zake.

Mwaka mmoja, kabla ya kiangazi, aliniita akanionyesha kamba yake ya katani. Akaishika mahali pamoja, akaisokotoa kinyume hata nyuzi zake kubwa tatu zikaachana. Nje ilikuwa ya kijivu, kama kamba yo yote iliyozeeka. Ndani ilikuwa nyeusi, tena ilinuka uozo, na alipoikwaruza kwa ukucha ilitoka vumbi. “Mpwa wangu,” akasema, “kamba hufa kwa ndani. Nenda mjini ukaninunulie nyingine ya nailoni, nene, meta 60, pamoja na mnyororo wa meta 5.”

Nikaenda. Dukani naliona nailoni, nikaona na bei yake, nikashtuka. Kando yake palikuwa na kamba ya plastiki ya samawati, nyembamba, ya kung’aa, kwa bei isiyofika nusu. Nalinunua meta 30 za hiyo, na mnyororo nikauacha. Nalirudi na fedha nyingi mfukoni na fahari nyingi moyoni.

Mjomba akaishika ile kamba, akaitia katika ndoo ya maji. “Hii yaelea,” akasema. Nami nikamjibu kama anayefundisha darasani: tunapotia nanga maji ni meta 8 tu, na meta 30 ni karibu mara nne. Yatosha! Akanitazama kitambo. “Haya, mwalimu,” akasema. Neno hilo lingali likinichoma hata leo.

Usiku mmoja wa mwezi wa Julai twalikuwa tumetia nanga katika ghuba ndogo. Ziwa letu ni la ajabu: kina chake hufika meta 1470, na mahali pengi ukingo wake hushuka ghafula kama ukuta. Kwa hiyo mwenye mashua hana budi kusimama karibu na nchi kavu, na nyuma yake pana mawe. Upepo wa kusini ulipovuma, mashua ikaanza kuruka na kuivuta kamba. Kabla ya mapambazuko ikakatika. Usukani ulivunjika juu ya mawe, mbao mbili za ubavuni zikapasuka, na kijana mmoja wa ukoo wetu akavunjika mkono. Magunia 19 ya unga yalilowa yote.

Magunia hayo hayakuwa yetu. Yalikuwa ya akina mama wa kijijini, na mmoja wao alikuwa akingoja fedha hizo amlipie mwanawe karo. Shule zilipofunguliwa, naliita majina ya darasa langu. Nilipofika jina la mtoto huyo, hakuna aliyeitika.

Mjomba hakunigombeza. Alinipeleka ufukoni, akanionyesha kipande kilichobaki: kilikuwa kimesuguliwa na jiwe hata kikawa kama ndevu. Ndipo nikajifunza niliyopaswa kuyauliza kwanza.

Nanga haishiki kwa uzito wake tu, bali kwa kuvutwa ikiwa imelala. Kamba ikiwa fupi, huivuta nanga kwenda juu na kuing’oa. Kwa hiyo pima kina cha maji, ongeza kimo cha gubeti, kisha utoe kamba mara tano, na siku ya upepo mkali mara saba. Maji ya meta 8 na gubeti la meta 1 ni 9. Mara saba ni 63. Hesabu hiyo mtoto wa darasa la tatu aiweza, nami sikuifanya.

Kadhalika aina ya kamba. Kwa unene wa milimeta 12, katani mpya hukatika kwa mvuto wa tani 1 hivi, nailoni kwa tani karibu 3. Tena nailoni hunyumbuka, hata mawimbi yakiivuta mashua, kishindo chake hupungua. Huzama, wala haiozi kama katani. Plastiki ile ya samawati huelea, na jua huila upesi. Mnyororo nao hulaza nanga, na ndio unaosuguana na mawe badala ya kamba.

Nalilipa unga ule na karo ile kwa mshahara wangu, miezi mingi. Kisha twalinunua nailoni ya milimeta 14 na mnyororo wake. Mjomba hakufunga fundo, kwa maana fundo huweza kuondoa hata nusu ya nguvu ya kamba. Alifumua nyuzi tatu za ncha, akazisukia ndani ya kamba yenyewe kuzunguka pete ya chuma. Ncha ya pili aliifunga imara katika mashua, na pale kamba ipitapo gubetini akaiviringia ngozi.

Wasomaji wapenzi, mabaharia wa merikebu ya Mtume Paulo, katika sura ya 27 ya Matendo ya Mitume, walipima kina cha maji usiku, kisha wakatia nanga nne. Wao walipima kwanza. Mimi nalipima bei.

Mtoto yule alirudi shuleni mwaka uliofuata, nyuma ya wenzake. Nami kila mwaka, kabla ya kiangazi, nakaa na mjomba ufukoni. Twaigeuza kamba, ncha ya nanga ikawa ya mashua, ili isilike upande mmoja. Kisha twaifumbua mahali pengi na kutazama ndani. Safari hii mimi ndimi niulizaye, naye ajibu.